Mbwa Hana Mandhari

Je, ni haki kumchukua mwenzako katika safari ambayo yeye mwenyewe hajui sababu yake? Swali hili, ndugu msomaji, linaweza kuonekana dogo nikikwambia kwamba mwenzangu ninayemsema ni mbwa, na safari yenyewe ni ya kupanda milima kupiga picha. Pengine utacheka. Cheka tu, maana hata kwetu wanacheka. Lakini ukimaliza kucheka tukae tulijadili, kwa sababu mimi nimelizungusha kichwani kwa miaka mitatu, na kila nikidhani nimelifikisha mwisho naona limezaa jingine.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa Usambara, upande wa Lushoto. Nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ya kunitosha kusomea majirani barua zao, lakini si ya kunipatia kiti ofisini. Nalima viazi na kabichi pamoja na mama, na usiku naandika riwaya ambayo bado haijaisha. Kamera yangu ni ya mtumba, kioo chake cha nyuma kina ufa. Mbwa wangu anaitwa Watasema. Nilimpa jina hilo kwa sababu nilijua watasema, na kweli wamesema.

Wanasema nini? Wako wanaosema mtu mzima kutembea siku mbili kwenda kupiga picha mawe na ukungu ni dalili ya kurogwa. Wako wanaosema kumlisha mbwa dagaa wakati watoto wa jirani wanakula ugali kwa chumvi ni dhambi. Na wako wanaonikumbusha ule msemo kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Hao wa kwanza nawaachia Mungu. Hao wengine wana hoja, na hoja ya mtu haijibiwi kwa kununa.

Aliyenibana kuliko wote ni mzee mmoja jirani yetu. Nilimkuta barazani jioni, Watasema nyuma yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Tena mnatoka huko kwenye mapicha yenu?"

"Ndiyo babu. Tulifika Mtae."

"Sikiliza mjukuu wangu. Mbwa hata kwenye dini yetu ana nafasi yake. Analinda shamba, anachunga mifugo, anawinda. Mate yake ni najisi lakini kazi yake si najisi. Sasa huyu wako ana kazi gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikasema ananifuata tu. Mzee akacheka, akasema, "Kufuata si kazi. Hata kivuli kinafuata."

Basi tuanzie hapo alipotuacha mzee. Mbwa anayefuata tu, bila kazi, ni nani? Ni mtumishi asiye na mshahara? Ni mgeni? Ni rafiki? Au ni kweli kivuli chenye njaa?

Watu wa Usambara hatuna haki ya kuliona swali hili kuwa la Wazungu. Historia yetu wenyewe iliingia milimani ikiwa imetanguliwa na mbwa. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, anasimulia juu ya Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu. Mbega alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na kwa ajili hiyo jamaa zake wakamnyima haki yake. Akaondoka na silaha zake na mbwa zake. Alipofika Usambara aliwakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba. Mbwa wakafukuza, Mbega akaua, nyama ikagawiwa kwa watu, na watu nao wakampa vyakula vya shambani. Mwisho wakamfanya mfalme, akakaa Vugha.

Tazama vizuri mpango huo. Mbwa alifanya kazi anayoielewa. Nguruwe ni nguruwe kwa Mbega, na ni nguruwe kwa mbwa pia. Nyama ilipopatikana, mwindaji alikula na mbwa akapata matumbo na mifupa. Hakuna aliyeandika mkataba, lakini kila mmoja alijua kwa nini ametoka nyumbani asubuhi ile.

Sasa tazama mpango wangu na Watasema. Tunaondoka Lushoto alfajiri, tunapita Magamba ambako miti ya podo imeota ndevu za kuvu na mbega weusi kwa weupe wanaruka juu yetu. Siku ya pili au ya tatu tunatokea Mtae, kwenye ncha ya milima, ambapo kijiji kimekaa juu ya ukingo kama kuku juu ya dari. Chini ni nyika ya Mkomazi, njano na kijivu, imenyooka mpaka inaingia Kenya. Hali ya hewa ikiwa safi, milima ya Upare inajitokeza upande wa magharibi. Mimi hapo nasimama pumzi imekatika. Natoa kamera, nasubiri wingu lisogee, nasubiri tena. Na Watasema? Watasema anaipa nyika yote mgongo, ananusa jiwe. Jiwe hilo pengine lina habari za mbuzi aliyepita juzi. Kwake hizo ndizo habari, bwana. Ule upeo wa macho ulionifanya nitembee siku mbili, kwake ni mahali ambapo ardhi imekwisha na hapana harufu.

Mbwa hana mandhari. Hilo ndilo jambo la kwanza alilonifundisha. Nilikuwa nadhani uzuri umekaa pale nje kama embe mtini, na yeyote mwenye macho atauona. Kumbe sivyo. Na si mbwa peke yake. Mwulize mama anayepandisha kuni kutoka bondeni kama ameuona uzuri wa bonde. Atakuonyesha mahali panapoteleza. Mwulize kibarua wa katani kule chini Mazinde, ambaye watalii wanampiga picha kutoka juu Irente bila kujua kwamba ile mistari mizuri ya kijani ni kazi ya mgongo wake. Mandhari ni ya mtu aliyepata nafasi ya kusimama. Mwenye mzigo hana mandhari, ana njia.

Kwa hiyo ninapomchukua Watasema kwenda Mtae namchukua kwenye karamu ambayo hawezi kula. Namfanya atembee kwa ajili ya kitu ambacho hakipo kwake. Hapa sasa ndipo mtu anaweza kuniambia: "We kijana, unajisumbua. Huyo ni mbwa, anapenda kutembea, yamekwisha." Naam, anapenda. Nikishika tu mkoba wa kamera mkia unapiga ukuta. Lakini je, kupenda kwenda ni sawa na kukubali safari? Mtoto wa miaka mitatu naye anapenda kupanda lori. Furaha yake haikuondolei wewe dhamana ya kujua lori linakwenda wapi.

Wanafalsafa waligombana juu ya jambo hili zamani. Kant, yule Mjerumani, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba binadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Hata hivyo alisema mtu anayemuua mbwa wake mzee aliyemtumikia kwa uaminifu, eti kwa sababu hawezi kazi tena, anauharibu utu wake mwenyewe, na aliyezoea ukatili kwa wanyama atakuwa mgumu kwa watu pia. Bentham, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1789 alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye swali la kuuliza si kama mnyama ana akili au anaweza kusema, bali kama anaweza kuumia.

Mimi kwa umri wangu siwezi kuwapatanisha mabwana hao. Lakini nilipowasoma nilikumbuka kwamba bibi zetu wa Kiislamu walishatusimulia habari ya mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Mbwa yule hakuwa wake. Hakumlindia shamba wala hakumwindia. Na wale vijana wa pangoni, As-habul Kahf, wametajwa katika Kurani pamoja na mbwa wao aliyelala mlangoni. Sijui kama mbwa yule alijua vijana wanamkimbia nani na kwa imani gani. Lakini alihesabiwa pamoja nao. Nilipomweleza yule mzee jirani habari hii akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Lakini wale walikuwa wanakimbilia dini. Wewe unakimbilia picha." Mzee hashindwi!

Na kweli amegusa kidonda. Maana historia ya watu wanaokwenda porini kutafuta sifa na picha si safi kwa upande wa wanyama waliokwenda nao. Mjerumani Carl Georg Schillings, ambaye kitabu chake cha mwaka 1905 kilishangaza Ulaya kwa picha za wanyama wa nchi yetu hii zilizopigwa usiku kwa mwanga wa baruti, alizipata baadhi ya picha za simba kwa kumfunga punda hai kama chambo. Punda alibeba mizigo mchana, usiku akawa mtego. Picha ilitoka nzuri.

Chukua na habari ya Roald Amundsen, Mnorwe aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia, tarehe 14 Desemba 1911. Aliondoka kambini na mbwa 52. Waliorudi ni 11. Si ajali, la hasha! Ilikuwa ni hesabu aliyoipiga mapema: mbwa wavute mizigo, mzigo ukipungua mbwa wengine wauawe, nyama iliwe na watu na mbwa waliobaki. Ile picha yao inayojulikana zaidi inaonyesha wanaume wanne wametazama bendera juu ya hema. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Kila mmoja katika wanaume wale alijua kwa nini yuko pale. Waliowafikisha hawakujua hata kidogo. Kwao hapakuwa na Ncha wala Norwe wala sifa. Palikuwa na theluji na kamba shingoni, na sauti ya mtu waliyemwamini.

Utasema mimi si Amundsen, na kwetu hakuna theluji. Ni kweli. Lakini mantiki ni ile ile ikikuzwa. Mtu akishakipenda kitu cha mbali mno, cha karibu hugeuka kuwa chombo. Nami nikiwa nasubiri jua lichomoze huku Watasema anatetemeka kwa baridi ya Julai, nimekwisha kuweka mguu katika njia ile, hata kama ni hatua moja tu.

Sasa kuna upande wa pili ambao wapenda mbwa hawapendi kuusikia. Pori nalo lina madai yake. Mwaka 1994, katika Serengeti, simba walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Ilikadiriwa kwamba walikufa kama 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Ugonjwa ulikuwa distempa, na wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Hawakuwa mbwa wabaya. Walikuwa mbwa kama Watasema, wanaofuata watu wao. Na pasipo chanjo kuna kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaanza kwa mtu hakuna dawa.

Ndiyo maana katika Hifadhi za Taifa mbwa haruhusiwi kuingia. Nikiwa Mtae na Mkomazi imetandikwa miguuni pangu, najua kabisa kwamba nikitaka kuteremka kule Watasema atabaki kwa shangazi. Sioni kuwa ni uonevu. Kule kuna mbwa mwitu, wanyama waliokaribia kutoweka, ambao wamezalishwa na kurudishwa kwa taabu ya miaka mingi. Mapenzi yangu kwa mbwa mmoja hayanipi ruhusa ya kuwapelekea wenzake kifo. Nje ya hifadhi pia namfunga kamba tukifika msituni, kwa sababu paa wa msituni hajui kwamba Watasema anatania.

Lakini hapohapo, kabla hatujaipigia pori magoti, tujiulize na lenyewe limekuwaje pori. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na wafugaji waliendelea kuishi na ng'ombe wao sehemu zake mpaka walipoondolewa mwaka 1988. Ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Ule utupu mzuri ninaoupiga picha kutoka juu una watu ndani yake, ila hawaonekani. Kamera haiwezi kupiga picha ya mtu aliyeondolewa. Inapiga nyasi, na nyasi hazisemi.

Hapa niruhusu nisimulie jambo. Mtu mmoja wa mjini, mchapishaji wa kalenda, aliona picha yangu moja ya Mtae akaipenda. Katika picha ile, kona ya chini, Watasema amekaa na mgongo wake kwa nyika, na nyuma yake kuna paa la bati na kipande cha shamba la mahindi. Akanipa bei: shilingi 60,000. Sharti moja tu, mbwa na bati na mahindi vifutwe kwa kompyuta. "Wateja wanataka asili," akasema. "Wanataka pahali ambapo hakuna mtu."

Shilingi 60,000 kwetu si mchezo, jamani. Ni mbolea hiyo. Mama aliposikia nimekataa alinitazama kwa muda, akauliza kama picha inaliwa. Nikamwambia hailiwi. Akasema, "Basi si ungeiuza." Sikubishana naye, kwa sababu kwa upande wa mbolea ana haki, na mpaka leo anayo.

Lakini nieleze kwa nini nilikataa. Picha isiyo na mbwa ingekuwa inasema kwamba nilifika pale peke yangu. Isiyo na bati ingesema hapana mwenyeji. Isiyo na mahindi ingesema hapana aliyelima. Uongo mitatu kwa picha moja! Na ungekuwa uongo mzuri, ule unaotundikwa ukutani mwaka mzima. Yule mbwa anayeipa mandhari mgongo ndiye shahidi pekee katika picha ile kwamba kuna kiumbe kilikuwepo kisicho na haja na mandhari. Anaiharibu picha, ndiyo. Inastahili kuharibiwa kidogo.

Haya, turudi kwenye swali letu. Ni haki kumchukua? Jibu langu, na wewe una ruhusa ya kulipinga, ni hili: ni haki, kwa sharti kwamba anayejua sababu ya safari ndiye abebe dhamana ya safari. Asiyejua hawezi kulaumiwa kwa kuchoka. Hawezi kuambiwa "vumilia, tumekaribia", kwa sababu hakuna mahali anapokukaribia. Uvumilivu ni wa mwenye kutumaini kitu. Kumdai mbwa avumilie kwa ajili ya machweo ni kumkopa mtu asiyejua kwamba amekopwa.

Dhamana hiyo si maneno matupu. Kwangu ina mambo matatu. Chanjo kila mwaka, hata ikibidi daftari la riwaya lingoje. Maji ya kwanza ni yake kabla yangu, kwa kuwa mimi naweza kuomba nyumba yoyote na yeye akifika mlangoni atapigwa jiwe. Na la tatu, ambalo ndilo gumu: akishindwa yeye, tumeshindwa wote. Mwaka jana, kwenye kilima kabla ya Rangwi, alikatwa na kigae cha chupa katika unyayo. Jua lilikuwa linateremka na mawingu yalikuwa yanawaka kama mkaa. Nilijua kabisa dakika 20 mbele kuna jabali ambalo picha yake ingekuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikamfunga kitambaa, nikambeba begani, tukarudi chini. Picha ile sinayo. Sikwambii kwamba nilipata kitu kingine bora badala yake, maana sikupata. Niliikosa tu, na mgongo ukaniuma siku mbili.

Kwa nini nawaandikia haya ninyi, waandishi vijana wenzangu, katika jarida la fasihi badala ya jarida la mifugo? Kwa sababu sisi ndio tuna tabia ya kuchukua viumbe wasiojua sababu ya safari yetu. Shangazi ninayemwingiza katika riwaya hakuomba kuingia. Yule mama wa kuni, yule kibarua wa katani, wote nawatembeza kuelekea upeo wa macho ninaouona mimi peke yangu, ambao kwao pengine hauna harufu. Nitawafuta nikiambiwa wateja wanataka asili? Nitawafunga kama punda wa Schillings ili simba aje? Na tukitoka nje ya fasihi, hebu hesabu ni mara ngapi katika nchi zetu hizi watu wazima wameambiwa watembee, wavumilie, tumekaribia, na aliyejua tunakokwenda alikuwa mmoja tu, tena hakuteremka kwenye gari.

Yule mzee jirani bado hajaridhika. Juzi ameniuliza tena Watasema ana kazi gani. Nimemwambia, babu, kazi yake ni kunizuia nisifike kila ninapotaka kufika. Akaguna. Akasema hiyo kwake ni kazi ya mke. Nikamwambia sina mke. Akasema, "Na hutapata, ukiendelea kunuka mbwa."

Hoja hiyo sijapata jibu lake. Mwenye nalo aandike.